Onyo Lililogeuka Tangazo

Kabla picha yenyewe haijaanza, watengenezaji walikwisha kujitetea. Watu wa studio ya Warner Bros. walipoitoa filamu ya The Public Enemy mwaka 1931, waliweka maandishi mwanzoni yanayosema kuwa nia yao ni kuonyesha hali iliyopo katika tabaka fulani la maisha ya Marekani, wala si kumtukuza mhalifu. Mwishoni wakaweka mengine: adui wa umma si mtu, ni tatizo ambalo jamii itapaswa kulitatua. Katikati ya maandishi hayo kuna dakika 80 na ushei za mwigizaji James Cagney akiwa jambazi Tom Powers, na waliotoka ukumbini hawakutoka wakizungumzia maandishi.

Ukiisimulia hadithi ile kavukavu, bila sura za waigizaji, ni hadithi ya kuonya ambayo bibi yeyote angeikubali. Tom Powers na rafiki yake Matt Doyle ni watoto wa mtaa wa maskini, Chicago, mwaka 1909. Baba yake Tom ni askari polisi. Humsikii akizungumza na mwanawe. Unamwona tu na sare yake, akichukua mkanda wa kunolea wembe na kuanza kuchapa. Mama ni kinyume chake. Kwake Tom ni mtoto mzuri hata akiwa mtu mzima mwenye bastola kiunoni, na haulizi hela zinatoka wapi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kati ya baba asiyesema na mama asiyeona, anapenya mtu wa tatu, Putty Nose, mpiga kinanda anayenunua vitu vya wizi kwa watoto. Ndiye anayewapa bastola za kwanza ili wakavunje ghala la manyoya. Mambo yanaharibika, mwenzao mmoja anapigwa risasi, askari mmoja anakufa, na vijana wanapokimbilia kwa Putty Nose wanaambiwa hayupo, keshaondoka mjini.

Kisha sheria inaingia, na sheria hiyo ilikuwa ya kweli. Kuanzia tarehe 17 Januari 1920 hadi 5 Desemba 1933, Katiba ya Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe. Kunywa hakukukatazwa. Kiu ilibaki palepale, muuzaji halali akaondolewa, na anayeijua biashara ya gongo hahitaji kuelezwa kilichofuata. Chicago bia iliendelea kumwagika, ila faida ikawa ya mwenye lori na bunduki. Dion O'Banion, mkubwa wa magenge ya upande wa kaskazini wa jiji, ambaye pia alikuwa na duka la maua, aliuawa humohumo dukani tarehe 10 Novemba 1924. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba walipangwa ukutani kwenye gereji moja wakamiminiwa risasi. Mwaka 1930 Chicago Crime Commission, chombo cha raia wa jiji hilo, kikachapisha orodha ya maadui wa umma, na wa kwanza alikuwa Al Capone. Jina la filamu lilitokana na msemo huo. Walioandika kisa chake, John Bright na Kubec Glasmon, walikuwa wakazi wa Chicago. Glasmon alikuwa mfamasia. Riwaya yao haikuwa imechapishwa hata siku ile studio ilipoinunua.

Mwongozaji William Wellman anaonyesha usiku wa kuamkia marufuku kwa tukio la kuchekesha. Watu wanabeba chupa kwa mikono, kwa mikokoteni, kwa chochote. Gari la muuza maua linamwagwa maua yake barabarani ili lipakie pombe. Kigari cha mtoto kimejaa chupa, mtoto mwenyewe kapakatwa. Jiji zima linavunja sheria hata kabla wino wake haujakauka, na Tom Powers anachofanya ni kufuata njia ambayo majirani zake wamekwisha kuipita.

Anaajiriwa kusambaza bia. Kusambaza ndilo jina la heshima. Kwa vitendo ni kuingia baa, kuonja bia ya mshindani, kumtemea mwenye baa usoni, kisha kumjulisha kuanzia leo atanunua kwa nani. Mshahara unatosha suti. Baada ya suti gari, baada ya gari wanawake wa hotelini.

Sasa uje kwenye chakula cha jioni, kwa sababu hapo ndipo filamu inaposhindwa kazi iliyojipa. Mike, kaka yake Tom, amerudi kutoka Vita Kuu akiwa mgonjwa wa mwili na roho. Kabla ya vita alikuwa kondakta wa tramu mchana na mwanafunzi usiku, kijana ambaye wazazi wangependa kumtolea mfano. Tom ameleta pipa la bia kumkaribisha, akaliweka katikati ya meza ya familia. Pipa ni kubwa kiasi kwamba wanaokula wanalazimika kuchungulia pembeni ili waonane. Kila mtu anakunywa isipokuwa Mike. Anakaa kama jiwe, hatimaye analipuka: kilichomo ndani ya pipa hili ni bia na damu, damu ya watu. Analiinua, analibamiza chini. Tom hapandishi sauti. Anamkumbusha kaka yake kwamba medali zile hakuzipata kwa kuwashika Wajerumani mikono.

Kwa hoja, Mike ana haki yote. Kwa tamthilia, ameshindwa vibaya. Yeye ndiye aliyeharibu chakula, aliyemliza mama, asiyejua kucheka wala kujibu. Donald Cook anamcheza kwa ukavu, anatokea kila mara kukemea, na ukimtafakari unagundua kwamba waandishi hawakumpa hata dakika moja ya furaha. Wema wote waliubebesha mtu ambaye hakuna atakayetaka kukaa naye meza moja. Ucheshi, wepesi, nguo, rafiki wa kufa na kuzikana, hata jibu kali la mwisho, vyote wakampa jambazi. Ukishagawa hivyo, kadi ya onyo haitakusaidia.

Mgawanyo huo ulizidishwa na uamuzi mmoja wa siku za mwanzo. Cagney hakuchukuliwa awe Tom. Alipewa nafasi ya Matt, na Tom alikuwa Edward Woods. Upigaji picha ulipokwisha kuanza Wellman akaona kosa, akawabadilisha. Sehemu za utotoni zilikuwa tayari, na ndiyo maana hadi leo watoto wale wawili wanaonekana kama wamepishana: anayefanana na Cagney ndiye Matt mdogo. Bila mabadiliko yale tungekuwa na picha ya kawaida kuhusu kijana mbaya. Cagney alikulia mitaa ya New York, alikuwa mcheza dansi wa jukwaani, na alitembea kama mtu anayesikia muziki ambao wengine hawausikii. Anayeingia banda umiza, ukumbi mdogo wa video, huko Manzese anajua kwamba watazamaji humtafuta steringi, yaani mhusika mkuu, ndani ya dakika chache za mwanzo, na wakishampata hawamwachi, hata aue nani. Wamarekani wa 1931 hawakuwa tofauti. Studio ilidhani imewaletea adui; wao wakamwona steringi.

Wellman naye, kwa ustaarabu wake wa kisanii, alizidi kuwarahisishia. Mauaji karibu yote yanatokea nje ya fremu. Tom anapomrudia Putty Nose kulipa kisasi, mzee yule anakaa kwenye kinanda na kuimba wimbo aliokuwa akiwaimbia utotoni, akitumaini huruma. Kamera inamwacha, inamgeukia Matt aliyesimama mlangoni, na tunasikia tu risasi na vidole vikianguka juu ya funguo za kinanda. Ni ufundi mkubwa, nakiri. Lakini hesabu kilichobaki machoni pa mtazamaji: fundi cherehani akimpima Tom suti ameonyeshwa kwa urefu, jeraha halikuonyeshwa. Starehe imepewa picha, gharama imepewa sauti.

Na balungi? Wengi wasioijua filamu hii wanalijua balungi. Tom yupo mezani asubuhi amevaa pajama, amechoshwa na mwanamke anayeishi naye, Kitty, anayechezwa na Mae Clarke. Ananyanyua nusu ya balungi na kumsukumia usoni. Lilikusudiwa lionyeshe ukatili wa mtu asiyejali hata aliyelala naye. Likawa kichekesho. Cagney mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwa miaka mingi akiingia mgahawani watu walimpelekea balungi mezani kwa mzaha. Kumdhalilisha mwanamke kukawa alama ya biashara ya nyota mpya, na Mae Clarke, mwigizaji mwenye uwezo, akabaki akikumbukwa kama uso uliopokea tunda.

Hatuwezi kuwalaumu watazamaji bila kutazama mifuko yao. Filamu ilitoka katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Mabenki yalikuwa yakifunga, wanaume wenye familia wakipanga foleni ya mkate, na kufikia 1933 karibu robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na kazi. Mtu wa namna hiyo anakaa gizani, mbele yake kijana wa mtaa kama wake anaingia dukani na kutoka amevaa vizuri. Umwambie nini kuhusu Mike, aliyesoma usiku na kupigania nchi? Akina Mike walikuwa kwenye foleni.

Wazazi, makanisa na walimu waliona hatari, na mwaka 1933 wanasosholojia Herbert Blumer na Philip Hauser walichapisha utafiti kuhusu filamu na uhalifu wa vijana, ulioegemea masimulizi ya vijana wenyewe. Shinikizo likawa kubwa. Mwaka 1934 kanuni za maadili za Hollywood, zilizoandikwa 1930 na kupuuzwa, zikaanza kusimamiwa kwa nguvu na Joseph Breen, na filamu za kumsifu jambazi zikafungiwa njia. Mwaka huohuo, tarehe 22 Julai, mwizi wa mabenki John Dillinger alikwenda kwenye ukumbi wa Biograph, Chicago, akamtazama Clark Gable akiigiza jambazi anayekiendea kiti cha umeme kichwa juu. Alipotoka, maofisa wa serikali wakampiga risasi, akaanguka kwenye uchochoro wa jirani.

Warner Bros. walijibu kanuni mpya kwa akili ya kibiashara. Mwaka 1935 wakamrudisha Cagney katika G Men, safari hii akiwa askari wa upelelezi. Mwendo uleule, ngumi zilezile, bunduki zilezile. Kilichobadilika ni kitambulisho mfukoni. Watu wakajaa tena. Mwaka 1938, katika Angels with Dirty Faces, walijaribu jambo la akili zaidi: padri anamwomba jambazi aliyehukumiwa kifo alie kama mwoga, ili watoto wanaomwabudu waone aibu. Ni filamu pekee kati ya hizo iliyotambua kwamba wa kushughulikiwa ni anayetazama.

Sisemi The Public Enemy ilistahili kufungiwa. Ni kazi bora, na mwisho wake una ukali ambao filamu nyingi za leo hazina. Kosa ni kwamba adhabu yote ilirundikwa pale mwishoni, baada ya moyo wa mtazamaji kuchukuliwa. Leo vipande vyake vinasambaa kwenye simu, na vinavyosambaa ni balungi na mwendo wa Cagney. Mwisho hausambazwi: simu imepigwa kwamba Tom anarudi nyumbani kutoka hospitali, mama yuko juu anamtandikia kitanda akiimba, santuri inacheza, Mike anafungua mlango, na mdogo wake, aliyefungwa bendeji na kamba kama mzigo, anaanguka kifudifudi sakafuni. Mama hajajua bado, anaendelea kutandika. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiamua kumtumia kijana wako kipande cha filamu hii, mtumie hicho kwanza.