Ni Data Tu, Dada

Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea sayansi ya kompyuta. Nyumbani tulishampangia maisha: benki, au kampuni ya simu. Juzi katuambia anataka kufanya utafiti wa bioinfomatiki, yaani kuandika programu za kusoma vinasaba. Mama akauliza, "Hiyo nayo ina mshahara?"

Mimi sikuuliza. Najua imetokea wapi. Kitindamimba wetu alikufa kwa selimundu. Jenomu ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, na ugonjwa ule hutokana na moja tu: penye A pamekaa T, mtoto akairithi kwa baba na kwa mama.

Nikamuuliza, hizo herufi utakazosoma ni za nani? Akacheka. "Dada, sigusi damu ya mtu mimi. Ni data tu, na majina yamefutwa."

Nikamsimulia habari ya Henrietta Lacks, aliyefariki Baltimore mwaka 1951. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila ridhaa yake, na hadi leo zinakuzwa maabara dunia nzima. Mwaka 2013 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walisoma jenomu ya seli hizo wakaiweka mtandaoni. Nao hawakugusa damu ya mtu. Ila siri za marehemu ni siri za wanawe na wajukuu pia, na wao hawakuulizwa. Familia ilipolalamika, data ikaondolewa. Agosti mwaka huohuo wakakubaliana na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani: anayeitaka aombe, na ndugu wawili wa ukoo wawe kwenye kamati inayopitia maombi.

"Sawa," akasema, "lakini watu wote wakikataa, dawa itapatikanaje?"

Swali la haki. Familia ya Lacks, hata hivyo, haikukataa. Ilitaka kuulizwa. Kufuta jina kunamficha mtu mmoja. Hakumpi ruhusa mtafiti kwa niaba ya ukoo mzima.

Nilikuwa naongea kwa kujiamini, kisha nikakumbuka makala yangu ya gazetini kuhusu kifo cha mdogo wetu. Niliondoa majina, nikajiona mwadilifu. Mama aliisoma, akalikunja gazeti, akaenda jikoni. Sikuwa nimemuuliza.

Nimemwambia mdogo wangu aende akafanye utafiti wake. Mimi nina mazungumzo na mama, nimeyachelewesha miaka.