Msiihukumu Damu ya Mtoto

Sikieni, ninyi mnaosema mtoto wa nyoka ni nyoka! Methali hiyo mmeigeuza hukumu. Baba kafungwa kwa ujambazi, nanyi mwana mnamfunga hapa nje: hamtaki acheze na watoto wenu, hamtaki aje kuposa kwenu, na akikasirika kama mtoto yeyote, mnatazamana na kunong'ona, "Damu hiyo."

Nimeyaona kwa macho yangu. Darasani zilipotea shilingi elfu mbili. Watoto walikuwa arobaini, lakini begi lililomwagwa sakafuni lilikuwa moja tu, la mvulana ambaye baba yake yuko gerezani. Zikatoka daftari mbili, kalamu iliyotafunwa na kipande cha muhogo kilichofungwa kwenye gazeti. Fedha hazikuwamo. Akachapwa hata hivyo, "asije akazoea". Hakulia. Aliuokota muhogo wake, akaupangusa vumbi, akaurudisha begini. Hakuna aliyemwomba radhi, na sisi tulioshuhudia tulinyamaza.

Siku hizi mmepata silaha mpya. Mmesikia habari za jeni la ukatili, mkashangilia kwamba sayansi imewaunga mkono. Haijawaunga mkono. Mwaka 1993 mtafiti Han Brunner na wenzake walieleza habari za ukoo mmoja wa Uholanzi ambao baadhi ya wanaume wake walikuwa na jeni la MAOA lililoharibika kabisa, nao walikuwa wepesi wa hasira na vurugu. Kasoro hiyo ni adimu mno. Aina hafifu ya jeni hilo, ile iliyobandikwa jina la jeni la kivita, ni jambo la kawaida: kwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya watatu anayo. Je, theluthi yao ni wauaji?

Tena jeni hilo limo katika kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Mnaapa kwamba mwana amerithi kwa baba kitu ambacho baba hana njia ya kumpa! Wala msigeuke sasa kumnyooshea mama kidole, maana hamjasikia lililo zito zaidi.

Kule Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuatilia tangu utotoni watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walitangaza walichokikuta kwa wavulana. Waliokuwa na jeni hafifu lakini wakalelewa bila mateso hawakuwazidi wenzao kwa ukatili. Waliokuwa nalo na wakateswa utotoni walikuwa asilimia 12 tu, lakini asilimia 44 ya hatia za ukatili zilikuwa zao. Si tafiti zote zilizofuata zilizopata matokeo yale yale, lakini somo lake liko wazi: jeni laweza kuchangia, lakini peke yake halimfanyi mtu jambazi. Mnailaumu damu ya mtoto, na huku fimbo iko mikononi mwenu! Mnampiga, mnamtenga, mnamkataa, kisha akiharibika mnasema, "Tulijua tu."

Marekani walikwisha kuipita njia hii. Mwaka 1907 jimbo la Indiana lilitunga sheria ya kuwaondolea wahalifu uwezo wa kuzaa, kwa imani kwamba uovu umo katika damu. Majimbo mengi yakaiga, na watu zaidi ya 60,000 wakanyang'anywa uzazi wao. Uhalifu haukuisha. Ilibaki aibu.

Nabii Ezekieli aliwakataza Waisraeli methali yao ya kuwabebesha wana makosa ya baba zao. Nami nawakataza hii yenu. Mnayo nyingine, tena mmeirithi kwa wazee wale wale: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa nini ile mnaikumbuka mnapohukumu, na hii mnaisahau mnapotakiwa kulea?

Acheni kumwita mtoto wa jambazi. Ana jina, mwiteni kwa hilo. Mpeni nafasi mezani pamoja na wenu. Akikosea, aonywe kwa kosa lake, si kwa la baba yake. Na wewe uliyemwaga begi lile, nenda ukamwombe radhi angali mtoto.