Kupiga Picha Bila Kupiga Hodi

Kamera za siku hizi zinaweza kupiga picha bila mlio wowote. Si mlio mdogo, hapana: kimya kabisa. Hakuna kioo kinachoruka ndani wala pazia linalofunguka na kujifunga. Mwanga unasomwa kwa umeme tu, kazi imekwisha. Wauzaji wanalitaja jambo hili kama neema, na mara nyingi ni neema kweli. Lakini wiki hizi mbili nilizotembea na kamera ya namna hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ule mlio tunaouzika haukuwa na kazi nyingine, kazi isiyohusiana kabisa na ubora wa picha.

Kamera yenyewe ni Nikon Zf, ile iliyotoka mwaka 2023, na lenzi yake ya milimita 40 inayofunguka hadi f/2. Si yangu. Bei yake ilipotoka ilikuwa kama dola 2,000 bila lenzi, yaani kama milioni tano za kwetu kwa viwango vya wakati ule, na hapo hujagusa ushuru. Ni ya rafiki yangu mpiga picha za harusi. Kazi zake nyingi ni za kanisani, na Kwaresima harusi zinalala, akaniambia, "Kaka, chukua uchezee, isije ikaota ukungu kabatini." Anayeishi pwani na kumiliki lenzi anajua kwamba hilo si neno la utani.

Ukiishika, kinachokupokea ni uzito. Gramu 710 pamoja na betri na kadi, wakati lenzi ina gramu 170 tu, kwa hiyo unahisi kama umeshika tofali lililovaa kofia. Mbele hakuna kishikio cha kuzamisha vidole, maana umbo limechukuliwa kwa FM2, kamera ya filamu ya Nikon ya mwaka 1982, ile iliyokuwa ikifanya kazi hata betri ikiisha, kwa kuwa betri ilihitajika kwa kupima mwanga tu. Juu kuna vigurudumu vitatu vya shaba: ISO kushoto, kasi ya shata kulia, na pembeni yake kile cha kuongeza au kupunguza mwanga. Kuna kidirisha kidogo kama cha saa ya mkononi kinachokuonyesha namba ya tundu la lenzi, na kijiti cha kukuhamishia kwenye picha nyeusi na nyeupe kwa msukumo mmoja wa kidole gumba. Nilikipenda sana kijiti hicho. Ukikisukuma, hata kioo unachochungulia kinageuka nyeusi na nyeupe, na ghafla unaanza kuona vivuli badala ya mashati.

Lenzi nayo imevalishwa kizamani, ila pete yake haina namba za tundu. Ni sura tu. Wapo wanaosema huo ni unafiki, kifaa cha kisasa kujitia uzee. Mimi sioni tatizo. Kanzu ikishonwa leo kwa mtindo wa babu haimdanganyi mtu, na vigurudumu vile vinafanya kazi kweli. Ukifungua lenzi hadi f/2, nyuma ya mtu panayeyuka kwa upole, na kamera inalikamata jicho lake hata kwenye giza ambalo mimi mwenyewe silioni vizuri. Tuliache hilo.

Nirudi kwenye ukimya. Zf ina njia mbili. Ina shata ya kawaida yenye mlio mkavu, mfupi, na ina ile ya kimya. Ya kimya ina gharama yake, kwa sababu picha inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na daladala linalopita kasi linatoka limelala upande kama limesukumwa na upepo. Lakini kwa mtu aliyekaa au aliyesimama huoni tofauti yoyote. Wala yeye hasikii.

Niliyaona haya vizuri Feri, kwenye soko la samaki, upande wa wakaangaji. Nilikuwa nimemsalimia mama mmoja, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwomba ruhusa, akaniambia piga tu lakini usinikatie kazi. Nikapiga. Akasubiri. Akageuza samaki, akanitazama tena, akauliza, "Bado?"

"Nimeshapiga, mama."

"Mbona sikusikia?"

Swali hilo limenikaa kichwani kuliko picha zenyewe. Alikuwa ameshanipa ruhusa, kwa hiyo hakuwa akilalamika. Alichotaka ni kujua jambo lilitokea lini.

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kilichobebeshwa mizigo mingi. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga risasi, tunapiga mtu, tunapiga picha. Na tunapiga hodi. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu upigaji picha, aliifananisha kamera na bunduki, na Kiingereza kilimsaidia, maana kwao kitenzi cha kupiga picha ndicho cha kufyatua risasi. Sisi tuna nafasi pana zaidi ya kuchagua. Kupiga picha kunaweza kuwa ndugu wa kupiga risasi, na kunaweza kuwa ndugu wa kupiga hodi. Inategemea unaipigaje.

Najua pingamizi litakalokuja. Mlio wa shata si hodi kamili. Hodi hupigwa mlangoni, kabla ya kuingia, na usipojibiwa mara ya tatu unaondoka. Mlio wa kamera unakuja wakati picha imeshachukuliwa, ni kama kupiga hodi ukiwa tayari sebuleni. Kweli kabisa. Lakini mgeni anayesema hodi akiwa sebuleni bado si sawa na yule anayezunguka nyumba yako akiwa peku. Mlio ulimpa mpigwaji kitu kidogo: sasa anajua. Akijua anaweza kugeuza uso kabla ya picha ya pili, anaweza kuuliza "ya nini hiyo?", anaweza kutukana, anaweza kutabasamu. Ukimya unamnyang'anya hayo yote bila kumgusa.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Lakini sheria hungoja mlalamikaji, na asiyejua kama amepigwa hawezi kulalamika. Ndiyo maana simu zilizotengenezwa kwa soko la Japani na Korea Kusini zilifanywa zitoe mlio wa kamera hata mwenyewe akizima sauti, kwa sababu ya wanaume waliokuwa wakipiga picha wanawake kwa siri. Huko waliona kwamba mlio ni haki ya mtu mwingine, si ya mwenye simu. Kwenye kamera kubwa mambo yamekwenda kinyume. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina shata ya kufunguka na kufunga kabisa; mlio unaousikia unatoka kwenye spika, na unapunguzwa kwa kuchagua namba. Hodi imekuwa mpangilio wa kwenye menyu.

Sasa niwatendee haki wapenzi wa ukimya, maana hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: mtu akijua anapigwa, anajipanga. Anavuta tumbo ndani, anakaza midomo, unampoteza. Henri Cartier-Bresson alifunika sehemu zinazong'aa za Leica yake kwa utepe mweusi ili asionekane. Walker Evans alikwenda mbali zaidi. Kati ya 1938 na 1941 alipanda treni za chini ya ardhi za New York akiwa na kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia katikati ya vifungo, waya wa kufyatulia umepita ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Aliwapiga waliokaa mbele yake. Nyuso zile ni za ajabu, sibishi. Watu wamechoka, wamezama, hawamfanyii mtu yeyote onyesho.

Ila kuna jambo linalosahaulika wanapomtaja Evans kama wakili wao. Kitabu cha picha zile, Many Are Called, kilitoka 1966. Robo karne baadaye. Sisi tunapiga saa nne asubuhi, saa nne na dakika tano iko Instagram, na mwenye uso bado hajashuka kwenye daladala.

Na hoja yao imesimama juu ya dai moja ambalo silikubali: kwamba uso usiojipanga ndio wa kweli, na uliojipanga ni wa uongo. Nani kasema? Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Unguja mwaka 1930, na kwa miongo mingi watu waliingia pale wakiwa wamejipanga kuanzia nywele hadi viatu. Bamako, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alikuwa na suti, saa na redio za kuwaazima wateja. Redio haikuwa ya aliyeishika, kweli. Lakini ile hamu ya kuonekana hivyo ilikuwa yake mwenyewe, na mkao ule aliufikiria tangu nyumbani. Uso ambao mtu ameuandaa ni kazi yake, kama vile sentensi iliyoandikwa upya mara tano si ya uongo kuliko ile iliyomponyoka mwandishi. Wasomaji wa ukurasa huu sidhani kama mnahitaji kushawishiwa kwa hilo.

Hapa lazima nijisemee na sisi waandishi, maana kalamu haijawahi kuwa na mlio. Tunakaa nyuma ya watu kwenye kituo cha mwendokasi, tunaiba maneno yao, tunaenda kuyaweka kwenye midomo ya wahusika. Tofauti ninayoiona ni moja: mwandishi anaweza kubadili jina, akamhamisha mtu kutoka Temeke kwenda Tanga, akamwongezea mguu mbovu. Uso hauhamishiki.

Pamoja na hayo siwezi kusema ukimya ni mbaya popote. Msibani, mlio wa shata kila sekunde mbili wakati jeneza linateremshwa ni ukosefu wa adabu uliopitiliza. Rafiki yangu wa harusi anaweka kimya wakati wa viapo, kisha ukumbini anarudisha mlio makusudi. Nilimuuliza kwa nini. "Wakiusikia wanajua wamepigwa, wanakuja kuulizia picha." Biashara, si falsafa, lakini wote wamefika penye jambo lile lile. Kwenye harusi ameshakaribishwa, hodi ilipigwa kwenye simu miezi mitatu nyuma, kwa hiyo kutembea taratibu ndani ya nyumba ni heshima. Kuna na wale ambao sidhani kama wanadaiwa hodi na mtu yeyote: mwenye rungu anayempiga asiye na kitu barabarani. Huyo mpige kimya, na usimame mbali.

Kinachonisumbua zaidi kwenye Zf si ukimya wenyewe, ni kitu kingine kilichomo ndani yake. Ukiiweka kwenye mwendo wa picha 30 kwa sekunde na ukabonyeza kitufe nusu, kamera inaanza kuzishika picha bila kuzihifadhi. Siku utakapobonyeza hadi mwisho, inakuhifadhia na zile za nyuma, hadi sekunde nzima kabla hujaamua. Imetengenezwa kwa ajili ya ndege anayeruka kutoka tawini, na kwa ndege ni maajabu. Kwa binadamu je? Picha imechukuliwa kabla ya aliyeipiga kutaka kuipiga. Ukimuuliza kwa nini ulinipiga nikiwa vile, anaweza kujibu kwa haki kabisa kwamba wakati ule alikuwa bado hajapiga. Zamani tulisema mpiga picha anachagua kitambo. Sasa kitambo kinakusanywa, uchaguzi unafanyika baadaye, nyumbani, mbele ya kompyuta, mwenye uso akiwa hayupo.

Yule mama wa Feri nilimpiga kwa njia hiyo, mara ya pili, baada ya kumweleza kwamba mlio hautakuwepo. Alijifuta jasho, akarekebisha kanga kichwani, akanitazama, akasema haya. Nilipomwonyesha kwenye kioo, zilikuwepo picha kama thelathini za yeye akijifuta na kujirekebisha, na chache za mwisho akiwa tayari. Karibu alinipa kwa zile za mwisho. Zile nyingine zilikuwa za mtu ambaye bado hajafungua mlango.

Nikamwambia achague zipi zibaki. Akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kuzipitisha polepole, akicheka chini chini, akifika kwenye zile alizotulia akizipita haraka. Kisha akasimama kwenye moja ya katikati, mkono uko kwenye paji la uso, macho yameangalia chini kwenye karai, mdomo umelegea. Ni picha ambayo mimi ningemfutia kwa kumhurumia.

Akamwita mwenzake wa karai la pili. "Njoo uone. Huyu ni mama yangu mtupu."

Akataka hiyo, kwa WhatsApp, sasa hivi, kabla sijaondoka. Zile za tabasamu akasema nikitaka nibaki nazo. Zilizosalia nilizifuta pale pale, yeye akiwa amesimama begani kwangu anahesabu, na samaki wakianza kuungua.