Bolti Iliyokatikia Ndani



Fundi afunguapo injini ya zamani, pengine bolti humkatikia: kichwa chatoka pamoja na spana, na shina labaki ndani ya bloku. Watazamaji husema, bolti hii ina nguvu mno. Sivyo. Ingalikuwa na nguvu isingalikatika. Kinachoishika ni kutu, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ikajaza hesi zote na kubana. Basi fundi mwenye akili hashindani na bolti, hushindana na kutu.

Kwanza hutia mafuta mepesi, hugonga polepole kwa nyundo, kisha huacha usiku kucha. Na kesho yake vivyo hivyo. Baadaye hupangusa mafuta yasije yakawaka, akaipasha moto bloku kandokando ya shina, wala si kwa haraka, kwa kuwa chuma cha kusubu kikipata moto wa ghafula mahali pamoja hupasuka. Kingali cha moto, hugusisha mshumaa, nayo nta huyeyuka ikanyonywa ndani ya hesi. Kisha huchomelea nati juu ya shina. Akishika spana hazungushi upande mmoja tu: hufungua kidogo, hurudisha, hufungua tena, hata kutu isagike.

Kiko na chombo kingine, cha chuma kigumu sana. Fundi hutoboa shina katikati kwa keekee, hukikaza humo, akakizungusha kinyume. Wasio na subira hukipenda mno. Lakini kikikatika humo ndani kazi imekuwa mbili, maana keekee haikiwezi.

Wazee wa usharika, nasema nanyi. Pengine yuko kwenu ndugu aliyeacha kuja mezani pa Bwana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, nanyi mmekwisha andika barua ya kumtenga. Mwasema moyo wake ni mgumu. Je, mmeuliza ni kutu gani iliyomshika, nayo ina miaka mingapi? (Hapa mfano wangu wapungua: fundi akiisha kuitoa bolti huitupa, bali sisi huyu twamtaka mzima.) Barua ile ndiyo chuma kigumu. Iwekeni kwanza. Nendeni kwake jioni, wawili, si kumi. Kaeni, wala msianze habari ya mpaka. Akisema neno moja akanyamaza, mwageni kwa amani, na juma lijalo mwende tena.