Wazo la Leo: Pima Neno, Usipime Sura

Mwanamantiki Mmarekani Raymond Smullyan, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alieleza kisiwa chenye watu wa aina mbili: wakweli wasiodanganya kamwe, na waongo wasiosema kweli hata mara moja. Tuseme umekutana na wakazi wake wawili. Mmoja anasema: “Sisi sote wawili ni waongo.”

Usimtazame usoni, pima neno lake. Angekuwa mkweli, asingejiita mwongo. Basi ni mwongo, na kauli yake si kweli: haiwezekani wote wawili wawe waongo. Kwa hiyo mwenzake, ambaye hajafungua kinywa, ndiye mkweli.

Leo, kabla ya kuamini habari yoyote, jiulize: ikiwa hii ni kweli, ni lipi jingine lazima liwe kweli?