Mtumbwi Mmoja, Miili Mitano

Chama chetu kina watu watano, wote wa Jericho, na kwa miaka miwili tuliweka pesa kidogo kidogo ili tununue mtumbwi wa maji makali. Mtaani walitucheka. Jericho haina mto wa kupigia kasia. Ukitaka maji ya kweli unafuata Jogoo Road hadi tao, unapanda gari la Sagana, na baada ya kilomita kama mia moja unaukuta Mto Tana ukiteremka katikati ya mawe. Huko ndiko tulikojifunza, kwanza kwa maboti ya mpira ya watalii, kisha kwa kayaki za kuazima.

Mtumbwi ni kitu kingine. Unapiga magoti ndani yake, peke yako, na kasia lako lina ubapa mmoja tu. Kenya si rahisi kuupata. Kwa hiyo tuliposikia kuna mgeni anayeondoka nchini na anauza miwili, tulikimbia. Mmoja ulikuwa karibu mita nne, mpana, wa plastiki nzito. Mwingine ulikuwa mita tatu hivi, mwembamba kiunoni. Bei zilikaribiana. Pesa zetu zilitosha mmoja tu.

Tulipiga kura. Wanne tulitaka ule mkubwa, kwa kuwa sisi wanne ni watu wa kilo themanini na kuendelea. Mdogo wangu, ambaye ana kilo 47, alitaka ule mdogo. Nikamwambia, wengi wape. Nikaongeza kwamba mkubwa utamtosha yeye pia, maana kikubwa hubeba kidogo. Aliuangalia, akasema, "Brathe, hii si boti, hii ni bafu."

Tulicheka, tukalipa.

Wikendi ya kwanza nilielewa alichomaanisha. Mtumbwi wa maji makali hauendeshwi kwa kasia peke yake. Unauinamisha kwa magoti na nyonga ili ukingo uume maji, ndipo unageuka. Mimi nikiegemea, unainama. Yeye akiegemea, ulikuwa unaelea tu juu juu kama karai, upepo ukiusukuma utakako. Ili kasia lifike majini ilibidi ajivute hadi pembeni, na akishafika pembeni hana tena usawa. Katika mkondo wa pili alitaka kuingia kwenye maji tulivu nyuma ya mwamba. Mtumbwi haukugeuka. Ulimpeleka ubavu ubavu hadi kwenye jiwe, ukajaa maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Alitoka chini yake akiwa amepoteza kiatu na ngozi ya goti. Tulimvuta kwa kamba. Hakulia. Alituomba tu tumsaidie kuubeba, kwa sababu una kilo 30: theluthi mbili, karibu, ya uzito wake. Kwangu mimi ni theluthi moja.

Swali langu ndilo hilo. Je, tulimtendea haki?

Kwa hesabu za chama, ndiyo. Alichangia sawa na sisi, alipata kura moja kama sisi, ana zamu zake kama sisi. Hakuna aliyemdhulumu shilingi. Lakini Kiswahili chenyewe kinatuumbua hapa. Kuna kutosha na kuna kutoshea. Mtumbwi ule ulimtosha, haukumtoshea. Viatu vya baba vinaitosha miguu ya mtoto, na nafasi inabaki. Mtoto hawezi kukimbia navyo.

Aristotle aliliona jambo hili zamani. Alisema kuna kati ya kitu chenyewe na kuna kati inayotuhusu sisi. Kama ratili kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, sita ndiyo kati ya hesabu, lakini mwalimu wa riadha hatampa kila mtu sita. Kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi mno. Usawa wa mizani ni kitu kimoja. Usawa wa tumbo ni kitu kingine.

Sisi wa Jericho tulipaswa kulijua hilo bila Mgiriki. Tumelelewa kwenye nyumba za kanjo, ramani moja, ukuta mmoja, mlango mmoja. Nyumba ya mzee anayeishi peke yake na nyumba ya mama mwenye watoto saba zilikuwa sawa kabisa. Hakuna aliyesema mama yule amependelewa. Hakuna aliyesema pia kwamba ana nafasi.

Hata mchezo wenyewe ulichelewa kufahamu. Katika slalomu ya Olimpiki, wanaume walishindana kwa mtumbwi mara ya kwanza 1972. Wanawake waliachiwa kayaki tu hadi Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na Jessica Fox wa Australia akatwaa dhahabu ile ya kwanza. Kanuni ya urefu ni moja kwa wote: mtumbwi usipungue mita 3.5. Lakini watengenezaji hutoa umbo lilelile kwa ujazo tofauti, kulingana na uzito wa atakayekaa ndani. Sheria moja, vipimo vingi. Inawezekana.

Kuna waliotutetea. Mmoja wetu alisema, si aweke mzigo, jerikeni mbili za maji, atazama kiasi. Tulijaribu. Mzigo unakaa tu, hauinami nawe. Mtumbwi ukawa mzito kusimamisha na uleule ukaidi kugeuza. Mwingine akasema, hakuna aliyemlazimisha, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ni kweli. Ila ndege haanzi kwa kuchangia ubawa wa mwenzake.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya kura. Tungenunua ule mdogo, si tungewaonea wanne kwa ajili ya mmoja? Nilichukua muda kuona kosa lake. Kura zilihesabu vichwa, hazikupima hasara. Mimi nikiwa ndani ya mtumbwi mdogo nakaa chini sana, mawimbi yananiingilia, naenda polepole, nachoka kumwaga maji. Ni kero. Yeye akiwa ndani ya mkubwa hawezi kuuongoza kabisa, na mtoni asiyeongoza anaongozwa. Kero nne hazijumlishwi zikawa sawa na hatari moja. Na kama mwili wangu ungekuwa mzito kiasi kwamba mtumbwi mdogo unanizamisha, basi hasara zingekuwa mbili za kweli, na hapo ningekiri sina jibu rahisi. Lakini haikuwa hivyo. Sisi tulitetea raha yetu tukaiita demokrasia.

Ule mdogo ulikuwa bado haujauzwa. Tuliuza mkubwa kwa hasara, na pengo nililijaza mimi, kwa kuwa kauli ya wengi wape ilitoka kinywani mwangu. Tumefunga mifuko ya hewa mbele na nyuma, na tandiko la magoti linasogezwa kulingana na anayeingia.

Jumamosi iliyopita nilipinduka mara tatu. Mdogo wangu alikuwa ameshafika nyuma ya mwamba, amekaa kwenye maji tulivu, akiningoja na kamba mkononi. "Brathe," akaniita, "uko sawa?"

Nilikuwa nimelowa hadi masikioni. Nikamwambia niko sawa.