Je, Yafaa Kumhukumu Mgonjwa kwa Dhana?

Malori yatokayo bandarini kwetu Mombasa yafikapo Malaba au Busia, afisa wa forodha haihukumu shehena kwa kulitazama turubali. Hutaka hati, na akiingiwa na shaka hufungua. Basi yawaje turidhike uvimbe ulio katika mwili wa mwanadamu uhukumiwe kwa jicho tu?

Twakusudia vivimbe vya nyama laini, yaani vya misuli, mafuta na mishipa. Mashuhuri katika nchi zetu ni saratani ya Kaposi, yenye mabaka ya zambarau, nayo huwapata khasa wenye virusi vya UKIMWI. Baka likionekana, tabibu hulipa jina, na jirani huongeza lake. Kumbe yako maradhi mengine yafananayo nayo. Vipande vya ngozi vilipochunguzwa Kenya na Uganda, si wachache walioshukiwa ambao darubini haikuwathibitishia. Mtu kama huyo hunyweshwa dawa kali bure, na heshima yake imekwisha kwenda.

Na mashahidi wapo. Kingamwili, askari hawa wa mwili, kila aina hushika kitu chake tu. Mwaka 1975 Köhler na Milstein walipata njia ya kuzizalisha za aina moja tupu. Nyama hukatwa nyembamba, hutiwa kingamwili, na zinaposhika hudhihirishwa kwa rangi. Desmini na miojenini hushuhudia asili ya msuli. CD31 na CD34, mishipa ya damu. LANA-1, kirusi chenyewe cha Kaposi, kilichogunduliwa mwaka 1994. Lakini shahidi mmoja hatoshi, kwani CD34 hutokea hata katika vivimbe visivyokuwa vya mishipa. Tabibu mwadilifu huwaita kadhaa, akawapima pamoja na umbo la chembe.

Hapa ndipo penye uzito. Kipande cha mgonjwa wa mpakani hulazimu kusafirishwa hadi hospitali kubwa. Kisipotiwa formalini mapema huharibika. Kikikaa humo mno, alama hufichika. Na uko uvimbe wa Burkitt, uliotangazwa kutoka Uganda mwaka 1958. Huo si wa nyama laini, lakini chini ya darubini waweza kushabihiana na saratani ya misuli ya watoto, nao hukua kwa siku chache. Kumngojea shahidi wa majuma hali mtoto anakwisha, hiyo nayo ni dhulma. Twaona basi: palipo na haraka, nyama ikatwe kwanza, kisha tiba ianze kwa dhana iliyo na nguvu zaidi, pasipo na haraka, jina lisitamkwe.

Ama gharama, twajijua. Khitima ya maiti twaichangia siku ile ile, na kipande cha nyama cha aliye hai chakaa chupani kikingoja nauli.

Na avukaye kwenda kutafuta tiba Tororo aichukue karatasi yenye namba ya kipande chake. Bila ya namba hiyo, tabibu wa ng'ambo hana budi kukata tena.